Twiga Mmoja kwa Mapasa Wawili

Usiku wa manane nilisikia mmoja wa mapasa wangu, watoto wangu pacha, akikohoa, nikajua kosa liko wapi. Mchana tulikuwa tumecheza ngoma mbele ya watalii, kwenye ile hoteli ya kifahari yenye pundamilia nje ya Lubumbashi, na mama mmoja wa kizungu akampa mwanangu mmoja twiga wa kitambaa. Mmoja tu, jamani! Kwetu mapasa hupewa sawa, la sivyo aliyenyimwa anaugua.

Kulipokucha nikapanda pikipiki kutoka kwetu Ruashi hadi hotelini, mgonjwa mgongoni. Getini mlinzi akanyoosha mkono.

"Mama, bageni beko banalala."

"Papa, ni mapasa. Balimupa mutoto moja tu twiga."

Mkono ukashuka. "Moja tu? Ee Mama Mapasa, ngojea hapa."

Alirudi akitazama nyuma, twiga wa pili amefichwa ndani ya koti.

"Kulomba bageni vitu banatukataza. Patron akijua, kazi inakwisha. Usiambie muntu."

Mtoto amelala na twiga wake, kikohozi kimepungua, ila mimi bado namgusa paji kila dakika. Na mlinzi nilimwahidi. Kwa hiyo nimewaambia ninyi wasomaji tu, sitamwambia mtu mwingine.