Vita Nilivyovipanga Mimi

Watu wakisikia kwamba niligombana na kaka yangu kwa sababu ya mchezo wa kompyuta, hucheka. Mimi sicheki. Najua nilivyokasirika siku ile, na sehemu ya hasira hiyo bado ninayo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nyumbani kwetu Kitale. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo. Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa akisoma chuo Bungoma na kurudi nyumbani kila wikendi. Baba alikuwa afisa wa kilimo. Ofisi yao ilipotupa kompyuta kuukuu, yeye aliibeba akaileta nyumbani, na kaka akaitia mchezo wa vita alioupata kwa wenzake.

Haukuwa mchezo wa kukimbizana na kufyatua risasi. Ulikuwa wa zamu. Unaona ramani iliyogawanywa kwa miraba: miji yako, milima, mito, mashamba. Unasogeza majeshi, unaamua mji upi utengeneze mikuki na upi ujenge ghala la chakula, kisha unamaliza zamu yako na kukunja mikono, umwache adui afanye yake. Huwezi kumkatiza. Kama umekosea, utakaa hapo hapo ukiangalia kosa lako likikugharimu.

Kaka alipenda farasi. Kila vita kwake vilikuwa kutuma farasi mbele na kushangaa wakifa. Mimi nilicheza mchana, yeye akiwa Bungoma, na nilikuwa na muda wa kufikiri.

Siku moja alikuja na habari. Vijana wa saiba moja, chumba cha kompyuta za kukodi, karibu na Kanduyi kule Bungoma walikuwa wameandaa mashindano ya mtu kwa mtu, na ramani itakayotumika ilikuwa mojawapo ya zile tulizokuwa nazo.

"Nisaidie kupanga," aliniambia. "Wewe unajua kungoja."

Nikapanga. Kati yetu na adui kulikuwa na mto mpana wenye kivuko kimoja, na kila aliyecheza ramani ile alikwenda kufia pale. Kusini kulikuwa na milima ambayo hakuna aliyeitaka, kwa sababu mitambo ya kurusha mawe ilipanda mraba mmoja tu kwa zamu, ikachoka. Lakini mimi nilikuwa nimeenda mara nyingi kwa shangazi yetu Kapsokwony, huko milimani, na nilijua mlima haupimwi kwa macho. Mahali unapopaona pale mbele unaweza usipafikie mpaka jioni. Dawa yake ni barabara. Kwa hiyo mpango wangu ulianza na wajenzi, askari baadaye. Pale kivukoni ningeweka askari wa mikuki nyuma ya ukuta, wapige kelele, adui aamini kwamba ndiko tuliko. Huku nyuma barabara ingepanda milima mpaka kwenye mgodi wake wa chuma. Tungechukua mgodi kwanza. Bila chuma hana panga, na bila panga mji wake mkuu ni kuta tu.

Mara ya kwanza nilipoujaribu mpango huo dhidi ya mashine, askari wangu walikufa njaa huko juu. Nikasogeza ghala karibu na milima. Mara ya pili mji mkuu ukaanguka.

"Farasi wasitangulie mitambo," nilimwambia kaka. "Hata wakikucheka, ungoje."

"Nimesikia, bana."

Jumamosi ya mashindano tulifika mapema. Saiba ilikuwa chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kimejaa vijana. Msichana nilikuwa mimi peke yangu.

"Sasa? Na huyu ni nani?" mwenye saiba akauliza.

"Ni sista yangu," kaka akajibu. "Amenisindikiza."

Nilimwangalia. Hakuniangalia. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye, nikajiambia kwamba labda ni aibu tu, itamtoka mchezo ukianza.

Mchezo ulianza vizuri. Ukuta ulijengwa kivukoni, wajenzi wakaingia milimani. Kisha mwenye saiba akanigusa bega. "Dada, si utusaidie na chai? Kuna jiko hapo nje."

Nikamgeukia kaka tena. "Enda tu," akasema, macho kwenye kioo. "Bado ni mapema."

Nikaenda. Makaa yalikuwa yamenyeshewa na hayakutaka kushika. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo niliwasikia vizuri. Mmoja aliuliza hiyo barabara yote ni ya nini.

"Tulia," kaka akasema. "Huu ni mpango wangu. Utaona."

Mpango wangu. Niliendelea kupepea makaa, moshi ukiniingia machoni. Halafu nikasikia kicheko, na mtu akisema, "Ati huyu amekuja vita ama amekuja kutengeneza lami?" Wakacheka wote. Kaka pia alicheka, lakini kicheko chake nilikijua. Kilikuwa cha mtu aliyechomwa.

Niliporudi na sinia, farasi wetu walikuwa wameteremka mgodini peke yao.

"Mitambo iko wapi?" nikamwuliza.

"Nimeipeleka kivukoni. Niliona nafasi."

"Nafasi gani? Nipe kiti."

Alinijibu kwa lugha ya nyumbani, polepole, ili wengine wasielewe. "Usiniaibishe mbele ya watu."

Basi nikasimama nyuma yake na kutazama. Farasi walizungukwa. Mitambo ilichomwa pale kivukoni. Zamu baada ya zamu nilitazama kazi yangu ikivunjwa na mtu aliyeomba nimfanyie, na sikuruhusiwa kunyoosha mkono. Tuliposhindwa, alijinyoosha kwenye kiti na kucheka.

"Si mnajua, huu mpango ulikuwa wa sista," akawaambia. "Wasichana na vita, bana."

Nilikuwa bado sijaweka sinia chini. Nililiweka, na vikombe vikagongana. Nikamwambia yule kijana aliyetushinda, "Turudie. Sasa mimi nikae."

Alisita, akamtazama mwenye saiba. Huyo akainua mabega. Kaka akatoka nje.

Nilicheza nikiwa na hasira, lakini sikuharakisha chochote. Nilijenga barabara na walicheka, nikaendelea kujenga. Nilipochukua mgodi waliacha kucheka. Nikaingoja mitambo ifike, yote, ndipo nikateremka. Mji mkuu ulipoanguka, yule kijana akanipa mkono.

"Uko sawa," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Mimi," kaka akajibu kutoka mlangoni.

Nikamgeukia. "Waambie basi kwa nini ghala liko chini ya mlima na si mjini."

Akaanza kutafuta nauli mifukoni. Yule kijana akaangalia viatu vyake. Kwenye matatu ya kurudi Kitale alikaa mbele, mimi nyuma.

Jioni, mezani, baba akauliza mambo yalikwendaje.

"Tulishinda," kaka akasema.

Baba akamshika mkono, akafurahi.

"Alishindwa," nikasema. "Mimi ndiye nilishinda."

"Usimvue kaka yako nguo mbele yangu," baba akanijibu. "Ushindi ni wa nyumba." Mama aliendelea kukata ugali. Niliacha chakula nikatoka.

Kaka alinifuata uani. "Ulitaka niwaambie nini wale?" akauliza. "Kwamba ni msichana ananipangia?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Huelewi."

Nilielewa vizuri. Mpaka wakati ule nilikuwa nimedhani labda alisahau, labda aliona kweli kwamba kazi ni yake. Kumbe alijua. Alijua tangu tulipotoka nyumbani, alijua nilipokuwa nikipepea makaa. Hilo lilinichoma kuliko kushindwa.

Hakuniomba mpango mwingine, na nisingempa. Nilirudi saiba ile peke yangu mara kadhaa kabla sijajiunga na chuo. Hakuna aliyenituma chai tena.

Kaka yangu ni mtu mwema kwa mengi. Mama alipolazwa hospitali ya Lugulu, ni yeye aliyelala kwenye benchi. Lakini Krismasi iliyopita nilimsikia akiwasimulia watoto wake jinsi alivyowahi kuwapiga vijana wa Bungoma kwa kupitia milimani. Nilimkatiza. Nikawaeleza watoto mambo yalivyokuwa, tangu mwanzo, bila kupunguza. Kaka akatoa simu yake, akasema ana mtu wa kupigia, akatoka nje. Hakurudi mpaka tulipomaliza kula.