Bwana Mita na Kidude cha Injini

Pale mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bwana Mita, na wala hakuchukia. Miaka thelathini na mmoja alizunguka nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji, kofia kichwani, tochi mfukoni, daftari kwapani. Mbwa walimkimbiza, wenye nyumba walimtukana, akina mama walimwapia kwamba bomba halikutoa tone mwezi mzima. Yeye aliinama, akafuta vumbi kwenye kioo, akasoma, akainuka na jibu lake lile lile: "Mama, mimi sibishani na wewe. Bishana na mita." Akishasema hivyo, basi, maneno yamekwisha. Siku aliyostaafu wenzake walimzawadia saa ya ukutani, na kabla hajasema asante aliitoa saa yake ya mkononi akazilinganisha.

Sasa mtu wa namna hiyo, wewe mpe kidude cha kusoma injini ya gari! Ndicho alichofanya binti yake, tena kwa nia njema kabisa.

Kidude chenyewe hakitishi. Cheusi, ukubwa wa kiberiti, bei chee, unakichomeka kwenye tundu lililo chini ya usukani na kinaanza kuongea na simu yako bila waya wowote. Simu inakuonyesha betri ina nguvu kiasi gani, injini inazunguka mara ngapi, maji yake yamefika digrii ngapi, na taa ya injini ikiwaka inakuambia imewaka kwa nini. Gari la baba lilikuwa kuukuu, mshale wa joto kwenye dashibodi ulikufa zamani, na binti alitaka baba yake aendeshe roho ikiwa imetulia. Maana gari hilo ndilo lililokuwa likimpeleka mama hospitali.

Hapo ndipo penyewe. Mke wa Bwana Mita, fundi cherehani aliyeshona sare za shule za nusu ya mtaa ule, figo zilimgomea. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ilibidi avuke mji mzima hadi hospitali, akae kwenye kiti karibu nusu siku, damu yake ipite kwenye mashine isafishwe na kurudishwa. Kiti chake kilikuwa cha saa tatu asubuhi. Akifika baada ya saa tatu na nusu anakuta ameshakaa mwingine, kwa kuwa wagonjwa ni wengi na viti ni sita. Akikosa siku moja, maji yanajaa mwilini na pumzi inakuwa ya kutafuta. Akikosa mbili, tusiseme.

Kwa hiyo gari lisife. Bwana Mita hakuomba kingine asubuhi wala jioni.

Alikipenda kidude kile jamani, mpaka ikawa kichekesho. Simu aliibandika kwenye dashibodi, na jicho lake moja lilikuwa la barabara, moja la namba. Alijua kwa kichwa kwamba asubuhi injini inaanzia digrii ishirini na kitu, dakika ya tisa inafika themanini, kwenye mlima wa kuelekea hospitali inapanda tisini na tatu, na ikishuka inatulia themanini na nane. Alizisimulia namba hizo kwa kinyozi, kwa muuza magazeti, kwa yeyote aliyekosea akasimama. Kinyozi akamuuliza, "Mzee, hilo ni gari au ni mtoto mwenye homa?"

Zamani kila alfajiri alifungua boneti, akaangalia maji ya rejeta, akajazia kwa jagi lake la plastiki. Kidude kilipofika, akaacha. Ajichafue mikono ya nini, na namba anayo kiganjani?

Mkewe alimcheka, kisha akaacha kumcheka. Siku moja alimmiminia chai akamuuliza kama sukari imekolea. "Volti kumi na mbili na nusu," akajibu Bwana Mita, macho kwenye simu. Mke akavuta kikombe, akakinywa yeye.

Usimwone mtu mbaya. Alimpenda mke wake mpaka ikawa hawezi kumtazama. Ile miguu iliyovimba, ule mkono wenye alama za sindano, yule mwanamke aliyekuwa akipanda ngazi huku akiimba na sasa anapumzika kila hatua ya tatu. Kumtazama kulimkata maini. Namba ilikuwa rahisi, na alikuwa na mazoea nayo.

Alhamisi moja walipokuwa wakitoka dukani, mkewe alisema, "Gari linanukia. Harufu tamu, kama peremende iliyoungua."

"Wapi?"

"Hapa miguuni kwangu."

Bwana Mita akagonga simu kwa kidole. "Themanini na nane. Unaona? Kungekuwa na tatizo, ingeonekana hapa."

"Mimi nakuambia nilichonusa."

"Mama watoto, mimi sibishani na wewe..." Yaliyobaki wote wawili waliyajua.

"Haya," akasema mkewe, akageukia dirisha. Mwanamke akisema haya kwa sauti ile, mwenye akili timamu anasimamisha gari. Bwana Mita alibadilisha gia.

Ijumaa wakaenda salama, Jumatatu wakaenda salama. Jumatano walitoka saa mbili kasoro, jua zuri, barabara nyeupe. Namba ilipanda kama kawaida hadi themanini na nane, ikakaa. Walipoanza mlima, Bwana Mita akaingoja tisini na tatu yake. Haikuja. Namba ikashuka: themanini na nne, themanini na moja. Akatabasamu.

"Umeona? Leo hata mlima haulisumbui."

Gari likaanza kuwa zito. Likatoa mlio wa mtu anayegonga sufuria kwa mwiko, ukatoka mvuke pembeni mwa boneti, likatetemeka na kuzimika katikati ya mlima. Bwana Mita aliliachia lirudi nyuma taratibu hadi kwenye majani ya kando, akavuta breki ya mkono, akatazama simu. Sabini na tisa.

"Lakini inasema sabini na tisa," akasema, na aliyekuwa akiambiwa hivyo ni gari.

Alikuwa bado amesimama mbele ya mvuke ule, simu mkononi kama anayedai haki yake, gari la kusambaza mikate liliposimama nyuma yao. Akateremka dereva wake, mama wa makamo mwenye aproni na mikono ya kazi. Hakupoteza muda na salamu ndefu. Alimpisha mzee kando, akafungua boneti kwa kitambaa, akasogeza uso pembeni mpaka mvuke ukapungua, akachungulia.

"Usiguse kifuniko cha rejeta, mzee, utaungua. Lakini humu hakuna maji. Kopo la akiba kavu, na tazama mpira huu wa chini, umelegea kwenye kifungo chake."

"Haiwezekani. Namba ilikuwa inashuka!"

"Itaachaje kushuka? Kipimo chake kinakaa ndani ya maji. Maji yakiisha, kinapima hewa. Wewe ulikuwa unasomewa hewa, na chuma kinaiva." Akajifuta mikono. "Na huu mpira haujaanza leo. Umevuja siku nyingi. Hamkuona maji chini ya gari asubuhi?"

"Chini palikuwa pakavu," akasema Bwana Mita kwa uhakika wa miaka thelathini na mmoja. "Mke wangu anafagia pale kila siku, angeona."

Akageuka ili mkewe amuunge mkono. Mkewe alikuwa ameketi mlango ukiwa wazi, miguu nje, akitazama viganja vyake.

"Maji yalikuwapo," akasema.

Dereva wa mikate, mtu mwenye adabu zake, akakumbuka ghafla kwamba kuna trei hazijakaa sawa, akaenda kuzipanga.

"Tangu lini?" akauliza Bwana Mita.

"Tangu ile Alhamisi. Ya kijani. Kila asubuhi nilimwagia mchanga, nikafagia juu yake."

"Kwa nini?"

Mke aliacha lori moja lipite na kelele zake ziishe. "Nimechoka, baba watoto. Nilisema moyoni, likigoma siku moja tu, nilale. Siku moja nisichomwe sindano, nisikae kwenye kile kiti kuhesabu vigae vya dari. Nilidhani litakataa kuwaka pale nyumbani. Sikudhani litatufia mlimani na wewe uko kwenye usukani. Kwa hilo nisamehe."

Bwana Mita alikasirika, tena kweli kweli. "Ungeniambia!"

"Ningekuambia saa ngapi? Uliniuliza lini?"

Alifungua mdomo amjibu. Alitaka kumwambia, wewe unajua ungekufa? Kilichotoka kilikuwa kilio. Mzee mzima, mchana kweupe, kando ya barabara ya watu! Alilia huku amelishika boneti, likamuunguza vidole, akaliachia, akaendelea kulia.

"Naogopa," akasema. "Nikikutazama naona unaondoka. Kile kidude nilikuwa naweza kukisoma. Wewe siwezi."

Saa yake ilionyesha saa tatu kasoro dakika tano. Dereva wa mikate akarudi, akajitia hajaona machozi. "Mimi naelekea upande wa hospitali. Mbele kuna nafasi ya mtu mmoja, mwingine atakaa nyuma na mikate. Twendeni, nisije nikachelewesha watu chai."

Mke hakuinuka.

Siku nyingine yoyote Bwana Mita angemshika mkono akamvuta, huku akitaja dakika zilizobaki. Alinyoosha mkono hivyo hivyo, kisha akaurudisha. Akachuchumaa mbele yake kwenye majani, magoti yakalia.

"Unataka kwenda?" akamuuliza.

"Mbona leo unauliza? Siku zote unawasha gari tu."

"Leo gari ndilo hilo limekufa. Nakuuliza wewe."

"Na nikikataa?"

Bwana Mita alijua hasa anachokitoa mkononi. "Ukikataa nitakaa na wewe hapa. Nitalia, lakini nitakaa."

Mkewe akamtazama kwa muda mrefu, na safari hii naye hakukwepa. Bwana Mita aliona jinsi macho ya mkewe yalivyovimba chini, jinsi alivyovuta pumzi kwa mabega. Hivyo vyote vilikuwapo siku nyingi.

"Utalia nini tena, na kola yenyewe imeshaloa?" akasema mke. Kisha akanyoosha mkono. "Niinue. Polepole, magoti yangu si yako."

Bwana Mita alisafiri nyuma, kati ya trei za mikate ya moto, akishikilia moja kwa kila mkono kila gari lilipokata kona. Walifika saa tatu na dakika ishirini na sita. Muuguzi alikuwa tayari ameshika faili la mgonjwa mwingine, akaliweka kando alipowaona.

"Mama amekuwa akilalaje?" akauliza muuguzi, kalamu juu ya karatasi. Ni swali la kila siku, na kila siku Bwana Mita ndiye aliyelijibu, kwamba vizuri tu, kabla mkewe hajafungua mdomo. Leo alimgeukia.

"Mwambie mwenyewe."

Na mkewe akaeleza. Kwamba wiki ya tatu sasa analala ameketi. Kwamba mashine ikimalizika misuli ya miguu inamkaza hadi anauma shuka, na kichwa kinamgonga mpaka kesho yake. Muuguzi akaacha kuandika. "Wiki tatu, mama? Na hukusema? Mashine inakuvuta maji kwa haraka mno. Hilo tunalirekebisha leo leo." Akaenda kumwita daktari, na daktari akaja, akambonyeza miguu, akabadilisha kipimo cha uzito anaopaswa kubaki nao akitoka kwenye mashine, na kumwongezea muda ili maji yatoke taratibu.

Bwana Mita alisimama ukutani akisikiliza. Wiki tatu! Chumba kimoja, kitanda kimoja, na yeye hana habari. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona haya maishani mwake.

Gari lilikokotwa hadi gereji. Fundi akasema silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda, hilo si la wiki hii wala ijayo. Binti akaahidi kuja na gari lake Ijumaa asubuhi.

"Ijumaa je?" Bwana Mita alimuuliza mkewe jioni ile.

"Ijumaa uniulize Ijumaa."

Ijumaa aliamka mapema, akavaa, akavua, akavaa tena. Nje binti alikuwa ameshafika, injini inanguruma. Bwana Mita akaketi ukingoni mwa kitanda. Safari hii alijua anaweza kujibiwa chochote, na alikuwa ameahidi kukipokea.

"Umeamkaje?"

Mkewe alifikiri kwanza. Hakuharakishwa, akajisikiliza mwili wake kiungo kwa kiungo, na mumewe akangoja macho yakiwa usoni kwake.

"Si vizuri sana," akasema. "Lakini afadhali ya juzi. Nipe viatu."