Mama Chaki na kivuli kilichotangulia jengo

Saa nane na nusu mchana, jua likiwa kali kiasi kwamba mbwa wa mtaa wamejilaza chini ya magari, mwanamke mmoja anapiga magoti katikati ya ua wa nyumba za kupanga. Mkono wa kulia ana kipande cha chaki. Wa kushoto ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Anatazama saa, anatazama karatasi, kisha anavuta mstari sakafuni kutoka kwenye karo la kufulia hadi mlango wa chumba namba tano.

Jirani anayeanika nguo anauruka mstari huo kwa hatua ndefu, kama anayeruka maji machafu. Mwingine, mwenye ndoo mbili, anazunguka kabisa.

"Sijawahi kumwambia mtu asikanyage," anasema mwanamke huyo bila kuinua kichwa. "Wenyewe tu hawataki."

Hapa uani wanamwita Mama Chaki. Ana miaka arobaini na minane, mume na binti wawili, na ni mchora ramani katika ofisi ya wasanifu majengo. Kwa miaka minne sasa amekuwa akishughulikia jengo moja tu: jengo la makazi la ghorofa thelathini na moja linalopandishwa katikati ya mji, lile ambalo bango lake linasema litaonekana kutoka kila barabara inayoingia mjini.

Wenzake ofisini huchora vyumba, ngazi na mabomba. Yeye huchora kivuli. Kwa kila mwezi na kila saa, hupiga hesabu ya mahali ambapo kivuli cha jengo kitaangukia, nyumba gani zitakosa jua, na kwa muda gani. Kisha hufanya jambo ambalo wachoraji wengi hawahangaiki nalo: huchukua chaki na kwenda kwa miguu hadi mahali penyewe.

"Kompyuta inajua ukuta uko wapi," anasema. "Haijui nani huwa anakaa hapo."

Aliingia katika ofisi hiyo miaka ishirini na miwili iliyopita kama mfagiaji wa chumba cha michoro. Mchoraji mmoja aliyekuwa anakaribia kustaafu alimkuta mara mbili akisahihisha kwa penseli kipimo kilichokosewa, naye badala ya kumshtaki akampa meza. Masomo ya jioni yalimchukua miaka sita. Mpaka leo mshahara wake wa mwezi haufiki hata nusu ya kodi inayotarajiwa kwa fleti ndogo kuliko zote katika jengo analolichora. Analisema hilo kwa kucheka, kama mtu anayesimulia kisa cha jirani.

Kilichomfanya arudi kwenye ua huu kila mwezi kilitokea miaka mitatu iliyopita, wakati kiwanja cha jengo kilikuwa bado ni nyasi tu zilizozungushiwa mabati.

Siku hiyo ya kwanza alikuta watu wawili. Kwenye kibaraza alikuwapo fundi cherehani wa makamo. Karibu na ukuta, juu ya kigoda, alikaa dada yake fundi, mwanamke wa miaka sabini na kitu ambaye macho yake yalizima miaka tisa kabla ya hapo. Alikuwa dobi katika duka la kufulia, akishika pasi kwa miaka ishirini na tisa, na wapangaji wote bado wanamwita Dobi. Kila mchana hutoka kuota jua kwa ajili ya magoti yake.

Mama Chaki aliwaeleza alichokuja kufanya. Fundi akamwambia afanye tu, mradi asimwagie chaki vitambaa. Akavuta mstari wake sakafuni, akafika ukutani, akainua mkono aweke alama. Pale pale palipotakiwa kuwekwa alama, lipu ilikuwa imekwanguliwa kwa msumari.

Hakujali. Kuta za nyumba za kupanga hazikosi mikwaruzo. Akahesabu mstari wa mwezi uliofuata, akasogea hatua moja na nusu. Hapo pia palikuwa na mkwaruzo.

Ilikuwapo saba kwa jumla. Aliipima yote kwa futi kamba. Kila mmoja uliangukia kwenye ukingo wa kivuli wa mwezi wake, kuanzia Januari hadi Julai, na tofauti kubwa kuliko zote haikuzidi upana wa kidole. Karatasi aliyoishika ilikuwa imechapishwa asubuhi ile ile. Hakuna mtu nje ya ofisi aliyekuwa ameiona.

Alimuuliza Fundi nani amekwangua ukuta. Fundi akamnyooshea kidole dada yake, akaongeza kwamba mwenye nyumba amekwishalalamika mara mbili.

"Hapo ndipo baridi inapoishia," Dobi alisema.

"Baridi gani, mama?"

"Ya hiyo nyumba yenu. Mimi joto nalijua, mwanangu. Nimelishika miaka ishirini na tisa."

Fundi anakumbuka vizuri ilipoanza. Dada yake alikuwa akiota jua kama kawaida, ghafla akaomba shuka. Kesho yake akaomba tena, saa ile ile. Akawa anasogeza kigoda mpaka anapoacha kutetemeka, kisha anaweka alama kwa msumari ili akumbuke. Fundi alidhani ni uzee. Jua lilikuwa linampiga usoni na dada yake analalamika kwamba kuna kitu kimesimama mbele yake. Huo ulikuwa mwaka mmoja kabla ya kiwanja kuuzwa, wakati pale palipo na mabati palikuwa na ghala bovu lisilofika hata kimo cha nyumba hizi.

Mama Chaki alirudi nyumbani akamsimulia mumewe, ambaye ni mwalimu wa hesabu. Mwalimu alisema mambo ya kugongana yapo, akachukua penseli apige hesabu ya uwezekano wa alama saba kugongana namna ile. Aliandika kwa muda. Kisha akaiweka penseli mezani, akauliza kama chakula kiko tayari.

Ofisini hakumwambia mtu. Angesema nini? Kazi yake ni vipimo, na hili halikuwa na safu ya kuliandikia. Lakini akawa anapita pale uani, na kila alipopita alimkuta Dobi amezidi kurudi nyuma: kwanza ukutani, kisha mlangoni, kisha ndani. Kufikia mwaka uliofuata alikuwa hatoki tena mchana. Magoti yalivimba. Fundi akawa anambeba mgongoni kwenda chooni.

Siku moja Dobi alimuuliza swali kutoka kitandani. Aliuliza kama hao wanaojua kuchora nyumba ndefu hivyo hawajui kuchora na pa kupitia jua.

Swali hilo lilimkalia kichwani. Kwa wiki tatu, wenzake wakienda kula, yeye alibaki mezani. Aligundua kwamba wakiacha wazi kabisa ghorofa ya kumi na mbili, ya kumi na tatu na ya kumi na nne, upande hadi upande, bila kuta, jua la saa kumi lingepenya katikati ya jengo na kuufikia ua ule kwa dakika ishirini kila siku. Gharama yake ilikuwa fleti kumi na mbili.

Msanifu mkuu, ambaye ndiye bosi wake, aliutazama mchoro ule akacheka. Hakucheka kwa dharau, anasema Mama Chaki. Alicheka kama mtu aliyeombwa mwezi. Basi Mama Chaki hakubishana naye. Alimwomba jambo moja tu, aje naye uani siku moja, saa nane na nusu.

Bosi alikuja, koti begani kwa sababu ya joto. Alisalimia, akatania kuhusu bei ya kushona suruali, akatembea huku na huko. Kisha akaupita mstari wa chaki.

Fundi ndiye anayeisimulia vizuri zaidi sehemu hii. Anasema yule bwana alisimama ghafla. Akatazama juu, angani, ambako hapakuwa na kitu. Akarudi nyuma hatua moja, akasimama juani. Akaenda mbele tena. Kisha akalivaa koti lake, akalifunga vifungo vyote, akaenda kusubiri ndani ya gari.

Walipofika ofisini aliutandaza tena ule mchoro mezani.

"Tutasema ni kwa ajili ya upepo," alimwambia.

Na haukuwa uongo mtupu. Mhandisi wa jengo alipiga hesabu zake akakuta kwamba uwazi ule kweli unapunguza nguvu ya upepo kwa jengo refu namna hiyo. Mwekezaji naye aliupenda. Leo ndio unaopamba bango, umepewa jina la Dirisha la Mji, na waendao mjini hupiga picha chini yake. Tulipomuuliza msanifu mkuu wazo lile lilitoka wapi, alijibu kwamba ni kwa ajili ya upepo. Tukamuuliza tena. Akajibu vile vile, kwa maneno yale yale, kisha akasimama kutuaga.

Jengo lilianza kupanda. Mwaka huu, siku lilipofika kimo cha kutosha, kivuli chenyewe, kile cha kuonekana kwa macho, kilitambaa juu ya paa la nyumba ya mbele, kikashuka uani na kusimama kwenye mstari wa chaki. Wapangaji walikuwa wamejiandaa kwa baridi. Haikuzidi ile waliyokwisha kuizoea. Dobi, aliyekuwa ameletwa mlangoni, alisikiliza watu wakinong'ona, akasema kimekuja kukaa kwenye kiti chake.

Mwezi mmoja baadaye, ghorofa za juu zilipokuwa zimepita ishirini, ilikuwa zamu ya jua.

Ilikuwa Jumapili. Mama Chaki alikuja na mumewe. Saa kumi na dakika tano mwanga ulipenya kwenye uwazi, na ua wote, uliokuwa na giza tangu saa tisa, ukawaka. Watu walipiga makofi. Fundi alikuwa amemkalisha dada yake mahali pake pa zamani, mgongo ukutani. Dobi alifumba macho yake yasiyoona, akatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka.

"Mwambieni asogee," alisema. "Ananizibia."

Walipotazama, juu ya ukuta na juu ya magoti ya Dobi kulikuwa na kivuli cha mtu. Amesimama wima, mkono mmoja ameuinua, kiganja kimefunguka.

Mama Chaki aligeuka kutazama jengo. Uwazi ulikuwa mtupu, anga tu upande wa pili. Alimpigia simu msimamizi wa ujenzi. Msimamizi alisema hakuna mtu kazini, lango limefungwa kwa mnyororo tangu Jumamosi, na lifti ya mafundi iko chini. Kivuli kilibaki hapo dakika zote ishirini, kikaondoka pamoja na mwanga.

Kinachomsumbua Mama Chaki si kuwapo kwa kivuli hicho tu. Kwa umbali ule, anaeleza, kivuli cha mtu hakiwezi kufika. Jua ni pana. Hukilainisha njiani mpaka kinayeyuka, na ukutani hubaki ukungu hafifu ambao jicho halitauona. Hiki kilikuwa kimekatwa kama kwa mkasi. Vidole vilihesabika.

Mwandishi huyu alibaki uani siku ya mahojiano mpaka saa kumi na dakika tano. Kivuli kilikuja. Mkono ulikuwa umeinuliwa. Juu, kwenye uwazi, hapakuwa na mtu.

Mama Chaki hakutazama juu. Alitoa futi kamba akakipima ukutani, kama anavyofanya kila anapokuja. Mita moja na sentimita sitini na mbili.

"Ni kimo changu," alisema. "Lakini wanawake wa kimo hiki ni wengi tu."

Alikunja futi kamba taratibu. Kisha akasema kwamba kama kivuli cha jengo kiliweza kulitangulia jengo, haoni kwa nini cha mtu kisimtangulie mtu.

Mwezi ujao uwazi ule utakaguliwa kabla haujakabidhiwa. Sheria ya kazi inataka aliyeuchora apande, aupime na kutia saini kwamba umejengwa kama ulivyochorwa. Ukaguzi umepangwa kuanzia saa tisa. Bosi amejitolea kumtuma mtu mwingine. Binti mkubwa wa Mama Chaki amelia. Anasema mkono ulioinuliwa namna ile ni wa mtu anayetafuta pa kujishikilia. Mdogo anasema ni wa mtu anayesalimia. Mwalimu, safari hii, hajagusa penseli.

Dobi peke yake ndiye aliyemwambia aende. Magoti yake yameanza kupata nafuu, na dakika ishirini anaziona chache mno kugawana na mtu. Amemwagiza kwamba akifika juu asogee kidogo kushoto, amwachie mwenzake jua.

Mama Chaki amekubali. Anataka kuimaliza kazi aliyoianza, anasema, na anataka mwanamke yule apate dakika zake zote ishirini. Fundi ameshampima mabega kwa ajili ya koti jipya, ambalo atalivaa siku hiyo. Ameomba kitu kimoja tu katika ushonaji wake: mifuko iwe mirefu, ifike karibu na goti.

"Nikishamaliza kupima nitasimama pale, nisogee kushoto kama nilivyoagizwa," anasema, "na mikono yangu yote miwili itakuwa mfukoni mpaka jua lipite. Halafu nitashuka, nije niwaulize hawa wa huku chini wameona nini."