Mmaasai Asiyejua Kimaasai

Baba yangu alikuwa Mmaasai, mlinzi wa ghala la mpunga hapa Ifakara. Mama ni Mpogoro, na nyumba yetu ya mtaa wa Lipangalala ilikuwa nyumba ya Kiswahili. Nikiwa mdogo niliwahi kumwuliza baba kwa nini hanifundishi lugha yake. Alinijibu huku akivaa viatu vyake vya matairi: "Utaongea na nani? Watu wa mtaa huu wakinisikia wanacheka." Alifariki kabla sijamaliza shule ya msingi. Nikabaki na jina lake, urefu wake, na maneno machache kama salamu na maji.

Jina hilo ndilo lililonipa kazi. Familia chache za wafugaji wa bondeni zilikuwa zimeanzisha shirika dogo ili Wamaasai wenyewe waamue wanachotaka, badala ya kuamuliwa na watu wa mbali. Walihitaji katibu. Mwenyekiti, mzee mmoja mpole, alisoma jina langu akatabasamu. "Huyu ni wetu," alisema. Nilimwambia lugha siijui vizuri. Alidhani najishusha tu.

Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa kwenye boma moja mbele ya kijiji cha Namawala, pamoja na mama mmoja kutoka Dar es Salaam aliyeahidi kutuchangia. Asubuhi hiyo mwenyekiti aliamka na homa. Akanipigia simu: "Nenda na mgeni, utamtafsiria."

"Mzee, Kimaasai changu..."

Simu ilikuwa imeshakatika.

Wanawake wa boma walitupokea vizuri, wakatuketisha kivulini. Mmoja alisimama akaongea kwa muda mrefu, akinyoosha mkono kuelekea bondeni, na wenzake wakaitikia. Alipokaa, mgeni akanigeukia.

"Wanasema nini?"

Nilikuwa nimeshika neno moja tu, maji, lililorudiwa mara nyingi. Ulimi uliniwasha niseme wanataka kisima.

"Mama, nisikudanganye," nikasema. "Nimesikia maji. Mengine sijaelewa."

"Kwani wewe si Mmaasai?"

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini wanawake wale Kiswahili wanakijua, ingawa mambo mazito hupenda kuyasema kwa lugha yao, na kicheko kikalipuka. Masikio yangu yalipata moto. Bibi mmoja aliyekaa mbele hakucheka. Alinitazama sana usoni.

"Baba yako si yule mlinzi wa ghala?"

"Ndiye, bibi."

"Yule mtu alikuwa anaongea! Akija kututembelea hapa, hadithi zake haziishi. Tunacheka mpaka mbavu zinauma." Akainuka akanisogelea. "Na wewe hakukuachia hata kidogo?"

Afadhali angenitukana. Baba niliyemjua mimi alikula kimya na kwenda kazini kimya. Kumbe alikuwa na hadithi, watu wakamcheka mtaani kwetu, akazibeba zote akazileta huku. Niliona aibu kwa ajili yangu, na kwa ajili ya mtaa wangu pia.

"Inama," bibi akaniambia.

Watoto wa Kimaasai huinamisha kichwa ili mkubwa awaguse, na hiyo ndiyo salamu yao. Mimi na ndevu zangu, mbele ya mgeni, nikainama. Akaweka kiganja kichwani kwangu kama ninavyoona watoto wakifanyiwa. Nilibaki nimetazama chini, maana machozi yalikuwa yamenifika.

Ndipo mama mmoja anayeuza maziwa Ifakara akasimama. "Acha niseme mimi. Kisima hatutaki. Maji yanatuzidi. Masika kijito kinajaa, watoto wanashindwa kwenda shule. Tunataka kivuko cha miguu."

Mgeni alipouliza kijengwe wapi, walimpeleka wenyewe akaone. Mahali walikuwa wameshapachagua, na waume zao walikuwa wamekubali kubeba mawe. Kivuko kilijengwa kiangazi kile, na watoto wanakipita hadi leo.

Nilimwambia mwenyekiti aniondoe kwenye ukatibu. Akakataa, akasema wanawake wamemchagua muuza maziwa awe msemaji wao, mimi niendelee kuandika. Siku hizi nikienda bomani bibi ananifundisha, na watoto wadogo wananisahihisha kwa kelele. Sentensi ninayoitamka vizuri kuliko zote ni ile ya kuomba mtu arudie polepole. Naisema kila mkutano, watu wote wakiwa wananitazama, na uso bado unanichoma.