Wageni wa Hema la Tatu

Nimeona vichwa vigumu, lakini sijaona kama cha rais wa ligi yetu ya vijana. Mimi nilikuwa kocha wa akademi ya Kibumba. Akademi ni neno kubwa: tulikuwa na mipira miwili na filimbi. Vita vilipotufukuza tulishuka na vitu hivyo hadi kambini, nje ya mji wa Goma, na watoto wakaondoa mawe ya volkano kwa mikono mpaka tukapata uwanja.

Timu ya Rutshuru nayo ilikimbilia hapo hapo. Kocha wao aliishi hema la tatu kutoka langu, akawa anakuja kuomba chumvi na kuniachia utani. Timu ya Bunagana ilivuka mpaka kuingia Uganda, kwa hiyo mechi yetu nao ikawa ya kimataifa, nasi hatukwenda. Komite ya ligi ikatupiga forfe: asiyefika hufungwa tatu kwa sifuri bila kugusa mpira. Forfe ya pili tuliipata kwa sababu Komite ilitupangia kucheza nyumbani, Kibumba, ambako golini walikuwa wamelala askari. Hata mwamuzi hakwenda, ila kosa likawa letu. Forfe ya tatu hufukuza timu ligini.

Hilo nililiogopa kuliko njaa. Mvulana asiye na mechi Jumapili ana watu wanaomtafutia kazi, na kazi hiyo huanza kwa kubebeshwa risasi. Nilitaka wangu wachoke kwa mpira.

Nikamfuata rais kwenye nganda, baa ya mtaani, alipokuwa anakula mbuzi na kunywa bia yake.

"Papa rais, sisi na Rutshuru tunaikala kambi moja. Tutacheza pale pale."

"Nani mugeni, nani mwenyeji?"

"Bote tuko bakimbizi, papa."

"Kwa reglema ya ligi hakuna timu ya bakimbizi. Kuko nyumbani na kuko ugenini. Timu mugeni inafika pamoja, kwa barabara. Haifike, forfe."

Wanasema sheria ni msumeno. Huu wa kwetu ulikata upande wa mkimbizi tu, na rais akarudi kwa mbuzi wake.

Tukatii. Ikiwa zamu ya Rutshuru kuwa wageni, wavulana wao walivaa jezi chini ya turubai, wakatoka kambini mpaka barabara kuu, wakageuka, wakaingia wakiimba. Zamu yetu ikifika, tulifanya vivyo hivyo. Tulikutana mara nyingi, maana timu nyingine hazikufikika. Mama wa golikipa wangu alihama hema lake kila siku ya mechi ili liwe chumba cha kubadilishia nguo, kisha akawangoja wageni kwenye lango la kambi na sahani ya viazi.

"Karibuni bageni! Munatoka mbali?"

"Mbali sana, mama," kocha wa Rutshuru alijibu, akijifuta jasho ambalo hakuwa nalo. "Barabara iko mubaya!"

Kambi nzima ilicheka. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli siku hizo tulipona. Rais alikuja na saa yake mkononi, akaona wageni wanafika, akaridhika.

Jumapili moja ilikuwa zamu ya Rutshuru. Walitoka wakipiga kelele, wakitutishia mabao. Sisi tukajipanga uwanjani. Viazi vikapoa. Mama akaenda kuchungulia barabarani, akarudi akafunika sahani. Kisha kocha wao akaingia peke yake, mguu mmoja hauna kiatu, mdomo umepasuka.

"Batu ya bunduki," alisema. "Balisimamisha lori yabo mbele yetu. Balibapandisha batoto bote, na jezi zabo."

Nilimshika nikamketisha chini. Nilitaka kulia, lakini hasira ilitangulia, maana mimi ndiye niliyewafundisha wale watoto wimbo wa kuingia nao.

Rais alisikia kila kitu. Akasema pole, pole sana, akatazama saa. Muda wa kungojea ulipoisha akamwita mwamuzi. Wageni hawakufika. Filimbi ikalia: tatu kwa sifuri, ushindi wetu.

Tukabaki kwenye ligi. Wavulana wangu walisimama kwenye mstari wa katikati, na hakuna aliyegusa mpira. Mama alikuwa bado langoni na sahani yake, na kila lori lilipopita alisimama.