Shimo la Narung'ombe

Siku ile tulikuwepo mimi, wadogo zangu wawili na mjomba aliyetulea wazazi walipokufa. Matrekta ya wakoloni yalikuwa yameng'oa msitu wa Nachingwea ili zipandwe karanga, na tembo wakahamia mashambani kwetu Narung'ombe. Mtoto wa tembo alitumbukia katika shimo tulilochimba kulinda mahindi. Mama yake akawa anasukumia udongo shimoni kwa miguu, mwanawe apate pa kukanyaga.

"Mjomba, tumwache amtoe," nikasema.

"Amtoe, halafu wadogo zako uwapikie nini? Udongo?"

Akampiga yule mama kwa gobore. Alianguka, akaendelea kusukuma udongo kwa mkonga mpaka akatulia. Mtoto tulimmaliza kwa mashoka.

Wadogo zangu walikua kwa mahindi yale. Tembo waliobaki bado wanatudai.