Tano kwa Tano

Walimu wenzake walimwita Mama Vyema, na si kwa sababu ya upole wake, maana mdomo wake ulikuwa pilipili. Jina lilitokana na kalamu yake nyekundu ya kutia alama ya vyema: madaftari sabini ya Kiingereza aliyamaliza kabla chai haijapoa. Siri yake ilikuwa kidole. Kama somo ni kitendo kilichokwisha kabla ya kingine, kidole kilitafuta kitenzi tu. Kikiwa sawa, vyema, twende mbele. Nani ana muda wa hadithi za watoto sabini?

Jumatatu aliwapa sentensi tano za mambo ya nyumbani kwao. "Kwa mfano," akasema, "mama aliporudi, nilikuwa nimeshaosha vyombo." Binti mmoja wa dawati la nyuma, mkimya, akaandika zake, akapata tano kwa tano. Kipindi kilipokwisha akabaki amesimama mezani.

"Mwalimu, umesoma?"

"Nimesoma, mwanangu. Safi sana. Haya, nenda kacheze."

Binti akaenda. Ijumaa hakuja. Mwalimu mkuu akaleta habari: mtoto amelazwa, mbavu zimevunjika, hajazinduka. Baba yake anasema ameanguka ngazini. Mama yake hakuwepo, na hakuna aliyeona.

Mama Vyema akalichomoa daftari kwenye rundo. Safari hii alisoma. Jirani alipogonga, baba alikuwa ameshaniziba mdomo. Mama aliporudi, nilikuwa nimeshafuta damu. Zote tano zilikuwa hivyo, na pembeni mwa kila moja vyema nyekundu.

Jamani, msimdhanie malaika. Jambo la kwanza lililomjia ni kulichana lile daftari. Tarehe ilikuwa pale, sahihi yake pale; kazi ya miaka ishirini na sita ingeota mbawa. Akalitia mkobani, akakaa nalo kipindi kizima bila kufundisha kitu.

Kengele ilipolia akaenda hospitali. Mama wa mtoto alikuwa kwenye benchi pamoja na askari wa kike. Mama Vyema akamkabidhi askari daftari. Askari akasoma taratibu mpaka mwisho, kisha akamtazama.

"Mwalimu, kumbe ulijua tangu Jumatatu?"

Mama wa mtoto akainua uso. Mama Vyema akamgeukia yeye, si askari.

"Aliniandikia, dada," akasema. "Sikusoma."